Jiwe la Mama Mkwe

Asubuhi ya sikukuu mama mkwe wangu, Tanefret, alinijia mlangoni na mkate wa moto uliopakwa asali. Mwanamke huyu hakuwahi kuniletea hata kitunguu.

“Kula, mkwe wangu. Mbeba mungu asiende na njaa.” Kisha akaninong’oneza, “Ukishaliweka jukwaa la mungu begani, si unajua pa kuelekea?”

Nilijua. Alikuwa akigombea jiwe la kusagia na jirani yake Webkhet, mjane. Kila mmoja alisema ni lake, na shahidi hakuna. Wazee wa baraza wakachoka kuwasikiliza, wakasema shauri apelekewe Amoni siku sanamu yake itakapotolewa nje juu ya jukwaa lake. Kwetu sisi wachonga makaburi, mungu ndiye hakimu wa mwisho. Akienda mbele amekubali, akirudi nyuma amekataa. Na wanaombeba ni sisi sisi, tukishaoga na kunyoa.

Tulikuwa sita, mimi mbele kulia. Karani akauliza, “Bwana wetu mwema, jiwe ni la Tanefret?”

Mkate wa watu ulikuwa bado tumboni. Nikajitupa mbele kwa nguvu zangu zote. Wapi! Mungu alikuwa mzito kama mwamba. Kisha akaanza kurudi nyuma, nami naburutwa, visigino vinachimba vumbi.

“Huyo ni Kenna!” mama mkwe akapiga kelele. “Hanipendi huyo tangu siku ya harusi! Mtoeni!”

Umati ukaangua kicheko. Karani akanitoa, akamweka Huy, mtoto wa kumzaa wa Tanefret. Swali likarudiwa. Safari hii mungu alirudi kinyumenyume mpaka ukutani.

“Na huyo naye hakupendi?” Webkhet akauliza.

Mama mkwe akainua mkono, akaapa kwa Amoni na kwa Farao kwamba akilidai tena jiwe lile apigwe fimbo mia. Karani akaandika kiapo kwenye kigae, mambo yakaisha.

Kulitoa jiwe kwa mama mkwe na kulirudisha kwa Webkhet ikawa kazi yangu. Mama mkwe alinifuata nyuma. Tulipofika tukakaribishwa bia, na kabla sijapumua vizuri, wanawake wale wawili walikuwa wanamsengenya mke wa karani.

Mara mama mkwe akanigeukia. “Kenna, niambie kweli mbele ya mwenye jiwe. Ulirudi nyuma kusudi?”

Nikaona haya. “Mama, nilivuta mbele. Nilivuta mpaka bega likachubuka. Tazama.”

Akalitazama bega. Akamtazama Webkhet. Kisha akacheka mpaka bia ikamtoka puani, na Webkhet akampigapiga mgongoni huku naye machozi ya kicheko yakimtiririka.

“Maskini mkwe wangu,” akasema alipopata pumzi. “Kushindana na Amoni kwa ajili yangu! Webkhet, mwongezee bia huyu.”