Emilia wa Tatu

Neno la kwanza ambalo Tabu alilisoma nje ya darasa lilikuwa jina lake mwenyewe, na alilisoma makaburini.

Yeye na wasichana wenzake walikuwa wametumwa kung'oa magugu nyuma ya kanisa. Msalaba wa kwanza: Emilia. Wa pili: Emilia. Na yeye, tangu abatizwe, ndiye Emilia. Hilo la Tabu alikatazwa hata kulitaja. Alikimbilia jikoni kwa Mama Priska, mlezi wa wasichana, akamweleza alichokisoma.

"Jina ni la kitanda chako," Priska alimwambia bila kumtazama. "Kina mama wa kanisa moja huko Udachini ndio wanaokilipia, na jina walichagua wao. Wa kwanza alikilalia akafa, wa pili naye akafa. Sasa unakilalia wewe."

Tusiwaseme vibaya kina mama wale. Magauni walishona kwa mikono yao, na sabuni walituma. Lakini nani angewaambia kwamba Emilia wao amekufa mara mbili? Bibi Mdachi, mkuu wa ile nyumba ya watoto ya misheni, upande wa Ipagala, hakuwa na moyo huo. Basi watoto wakawa wanazikwa, jina linabaki.

Tangu siku hiyo Tabu aliishi kwa hofu. Gauni lake lilikuwa na kiraka begani alichokikuta kimeshashonwa. Jiwe alilosagia uwele lilikuwa limechimbwa shimo na mikono ya wengine. Priska akiita "Emilia!", Tabu alisubiri kidogo, asije akaitikia zamu ya mwenzake. Aliona kabisa kwamba wale wawili wanamdai.

Kilichompa nguvu ni kimoja tu: mama yake. Mwaka wa njaa mama alitembea naye kutoka Bahi, akamwacha mlangoni pa misheni. "Mvua zikirudi, nami narudi," alisema. Kisha akamkumbusha lile alilomfunza tangu mdogo: "Ukiitwa na usiyemwona, usiitike, mwanangu. Wala usigeuke. Wafu wana upweke, wanatafuta wa kwenda naye."

Mvua zilirudi, uwele ukavunwa. Asubuhi moja Tabu alikuwa peke yake jiweni, nyuma ya ukuta, aliposikia sauti ya mwanamke kutoka makaburini.

"Tabu! Tabu, mwanangu!"

Nani pale misheni aliyelijua jina hilo, kama si wafu? Wamekuja, aliwaza, na sauti ya mama yangu wameiiba. Alijiziba mdomo kwa viganja vyake vyenye unga. Sauti iliita tena, ikalia, ikaita. Halafu ikanyamaza.

Jua lilipopanda kidogo, Priska alimtuma kuni. Njia ilipita makaburini, na juu ya msalaba wa pili ilikuwa inaning'inia bangili ya shaba iliyopinda. Tabu aliijua. Zamani alikuwa akiizungusha mkononi mwa mama yake kila usiku mpaka usingizi umchukue.

Alimkuta Bartolomayo, mlinzi mpya, langoni. "Nani aliyekuja?"

"Mwanamke wa Bahi, maskini. Anamtafuta Tabu. Nikamwambia Tabu hatuna, na waliokuja mwaka wa njaa wengi tumewazika kule nyuma."

"Tabu ni mimi!"

"Wewe si Emilia?" Bartolomayo aliuliza, kwa upole kabisa.

Tabu alishatoka mbio. Njia ya Bahi ilikuwa nyeupe, tupu, na mbele yake aliuona mgongo wa mama katika kaniki yake nyeusi. Alikuwa amekonda, lakini mwendo ulikuwa ule ule.

"Mama! Mama, ni mimi Tabu!"

Mama alisimama. Kichwa kilianza kugeuka, kidogo tu, kisha kikarudi mbele. Mabega yakaanza kutikisika.

"Mama! Nitazame!"

Mama aliziba masikio kwa mikono miwili, akaanza kukimbia. Na kila Tabu alipozidi kumwita, ndivyo mama alivyozidisha mbio.