Meza ya Watu Wawili

Mwaka wa sabini na mbili kaka yangu Maige alitoka mkulima bora wa pamba, na chama cha ushirika kikampeleka hoteli ya ufukweni, Dar es Salaam, wiki nzima, yeye na mkewe Paskazia, ambaye yeye humwita Mama Zipora. Chumba na chakula, vyote bure. Hapa kijijini, karibu na Masumbwe, tulimwonea wivu waziwazi. Nilimwambia asirudi bila kitambi.

Alirudi amekonda.

Jioni tulikaa shikome, pale motoni tunapokula wanaume, tukamtaka atusimulie.

"Chumba kizuri," alisema. "Shuka nyeupe, maji yanatoka ukutani. Mama Zipora alilala sakafuni, kitanda kinabonyea mno."

"Na chakula?"

"Samaki, kuku, wali, unachukua utakacho." Akasukuma kuni motoni. "Walitukalisha meza moja, mimi na yeye, uso kwa uso."

Tulicheka sana. Nani kati yetu aliwahi kumwona mkewe akila? Sisi tunakula hapa, wao jikoni, na mabinti wa Maige walikwisha kuolewa, kwa hiyo mkewe hula peke yake. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo.

"Hakula," kaka akasema. "Nilidhani ananionea haya, nikampa mgongo. Nilipogeuka, sahani ilikuwa vilevile. Nikamgombeza mhudumu kwamba samaki wao ana shombo. Wakaleta kuku, wakaleta mayai. Mwisho niliingia jikoni kwao, nikaomba ugali. Mpishi akausonga, Mungu ambariki. Mama Zipora akamega tonge dogo, likamkwama, akalitema huku machozi yanamtoka. Ndipo akaniambia. Tangu tuvune pamba koo halipitishi kitu, ni uji tu. Nilimwona anakonda, nikasema ni kazi za shamba. Na kila jioni, mdogo wangu, ugali wake nimekula hapa nikashiba."

Hospitali ya hukohuko Dar es Salaam walimwambia wamechelewa.

Ugali ulipoletwa, Maige hakunawa. Aliinuka, akaenda jikoni kwa mkewe, akaomba naye bakuli la uji. Mwanamume mzima, jikoni. Vijana walimsema, nami niliwafokea.

Paskazia tulimzika kabla pamba mpya haijapasuka. Niliumia, maana alikuwa shemeji mwema. Siku tuliyoanua matanga nilirudi kwangu, nikasimama mlango wa jiko, nikamwuliza mke wangu leo amekula nini. Alishtuka, akaniomba radhi. Alidhani mboga yangu ilizidi chumvi.