Ukurasa wa Mutomo

Methali iliyomchosha Daktari Ndululu kuliko zote ni ile ya wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha ushindani wa mataifa makubwa katika chuo kikuu kimoja mjini Kitui, na hakuna kikao alichohudhuria, kiwe cha maprofesa au cha harusi, ambapo mtu hakuinuka kumkumbusha habari za hao tembo kana kwamba amezigundua yeye jana. Kazi yake yote aliijenga juu ya kuipinga methali hiyo. Nyasi zenye akili hufaidika, aliandika. Mkubwa mmoja akikuahidi bandari, mwendee mpinzani wake umwambie, naye atakupa barabara. Hoja hiyo ilimpeleka Geneva mara mbili na Beijing mara moja, na sasa kilibaki kitabu kimoja tu ili aitwe profesa.

Kitabu kilikwama kwenye sura ya mwisho. Wahakiki walilalamika kwamba mifano yake yote ni ya marais na mawaziri. Watu wa kawaida wako wapi? Ndululu akamkumbuka dada yake, Kalunde.

Yeye na Kalunde walizaliwa Nunguni, ambako ukipanda parachichi na kulisahau litazaa tu. Kalunde akaolewa Mutomo, ambako hata mbuzi hujua thamani ya kivuli. Huko alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama thelathini wanaofanya kazi kwa zamu na kwa umoja, na walitaka bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa mawe na saruji katikati ya mto mkavu. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma yake na maji hukaa humo hadi kiangazi kingine. Desturi inajulikana: wenyeji hukusanya mawe, mfadhili huleta saruji na fundi. Shirika moja la kanisa kutoka Ulaya lilikuwa limekubali kuleta. Kisha kampuni ya Kichina iliyokuwa ikijenga barabara karibu na hapo ikasema nayo ina saruji ya kusaidia jamii.

Kalunde akampigia ndugu yake simu kumuuliza wachukue ya nani.

"Msichukue ya mtu yeyote bado," Ndululu alisema. "Mwambie kila mmoja kwamba mwenzake anawataka. Na hayo mawe muache kwanza. Mtu akiona rundo kubwa anajua mna haraka, hatawabembeleza tena."

"Mvua ni Novemba, Ndululu."

"Septemba watakuwa wanagombana mlangoni kwako."

Kalunde hakuridhika, lakini mtu akishaitwa daktari ni vigumu kumbishia. Akawaambia wenzake wapumzike. Naye Ndululu, na hapa ndipo alipokosea kabisa, wiki hiyo hiyo aliketi akaandika ukurasa mzima wa namna wanawake wa Mutomo walivyopata mabwawa mawili kutoka kwa wapinzani wawili. Aliandika kama jambo lililokwisha kutokea. Hakuwa na shaka kwamba litatokea.

Oktoba Kalunde alipiga simu tena. Watu wa kanisa walifurahi kusikia kwamba kampuni imejitokeza, wakapeleka saruji yao kwa kijiji kisicho na mfadhili. Kampuni nayo ilifanya vivyo hivyo, kwa heshima zaidi. Akina mama walirudi kwa mawe mbio mbio, lakini hakukuwa na saruji wala fundi, na tarehe tisa Novemba mto ulijaa, ukapita, ukaenda zake.

Ndululu alikuwa na nakala ya mwisho ya kitabu mezani. Alitakiwa kuirudisha Ijumaa, na jopo la kupandisha vyeo lingeketi Januari. Alimweleza Profesa Waithera, mkuu wa idara yake.

"Nani ataenda Mutomo kuhesabu mabwawa?" Waithera aliuliza. Hakuwa mtu mbaya; alimtakia mema. "Ukitoa huo ukurasa, sura inaanguka, na kitabu nayo. Itabidi ungoje miaka mingine mitatu. Wacha tu ikae."

Alisema kweli, hakuna ambaye angeenda. Jambo hilo ndilo lililomkosesha Ndululu raha, na Alhamisi akaenda mwenyewe.

Aliwakuta mtoni, wakiendelea kukusanya mawe ya mwaka ujao. Rundo lilimfika kiunoni. Punda wanne walisimama kando na mitungi. Maji walikuwa bado wanayafuata mwendo wa saa tatu. Alijiandaa kutukanwa. Kalunde alimsalimia, akamuuliza habari za watoto. Ikamlazimu kusema mwenyewe.

"Niliandika kwa kitabu kwamba mlipata."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Basi tusomee."

Akatoa simu, akawasomea, akigeuza Kiingereza kuwa Kikamba sentensi kwa sentensi. Akina mama walitua mawe wakasikiliza. Walisikia jinsi walivyokuwa wajanja, jinsi visima vilivyokuwa hatua chache kutoka nyumbani, jinsi wasichana walivyopata nafasi ya kusoma. Aibu ilimpanda Ndululu hadi masikioni, lakini alisoma mpaka mwisho.

Mama mmoja mzee, Kathini, alitikisa kichwa kwa upole. "Ni pazuri sana huko," alisema. "Ni wapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Wewe ulidhani wanatugombania," Kalunde alisema. "Mwana wa mwaitu, mwana wa mama yangu, hao hawakuwa wanatujua hata jina."

Ndululu akaandika barua kwa mchapishaji hapo hapo, akiwa amesimama. Ukurasa huo uondolewe; si kweli; anajua maana yake kwa kitabu. Akabonyeza kutuma. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

"Hapa chini mtandao haishiki," Kalunde alisema. "Panda juu ya mawe."

Akapanda, akainua mkono juu kabisa. Barua ikakataa tena.

"Rundo ni fupi," Kalunde alisema. "Shuka uongeze."