Masahihisho ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Saa kumi na mbili na nusu jioni, televisheni ya mji wa Likasi husoma matangazo ya vifo, na Mama Berthe huwa amekwisha kugeuza antena yake upande wa bwawa la Koni, maana huko ndiko picha hutulia.

Siku ya tatu baada ya maziko yake, mtangazaji alipomaliza, mumewe Berthe, marehemu Godefroid, alitokea kwenye skrini, akaketi mahali pa mtangazaji, udongo wa mgodi ungali kwenye nyusi, akafungua karatasi.

"Rectificatif," alisoma, yaani masahihisho. "Balisema nilikufa na maladie ya mufupi. Hapana. Germain alituingiza mu shimo kisha mvula kunyesha. Aliyua shimo itaanguka. Njo yeye aliniua."

Germain, mwenye shimo la madini, alikuwa amelipia jeneza na kuliandika lile tangazo kwa mkono wake. Berthe alitia sahihi tu, akiwa amechoka kulia. Sahihi hiyo ilimuuma kuliko msiba.

Godefroid hakukosa jioni hata moja. Mtaa mzima ulimsikia kwa wakati mmoja, dirisha hadi dirisha, na Germain akipita watu walinyamaza. Kimya hicho kilimnenepesha Berthe.

Germain hakubishana na maiti. Aligawa visanduku vya intaneti nyumba kwa nyumba, filamu mwaka mzima bila malipo. Ukipokea, anaondoka na antena yako. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Germain haukuwa mtupu. Suzanne, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipokea wa kwanza, kwa kuwa mumewe Samy alichimba kwa Germain.

"Mama, na weye ukamate box," alisema Michelle, binti yake Berthe. "Utaangalia saa yenye unapenda."

"Saa yenye minye napenda, ile ni saa ya muntu moya. Minye natafuta saa ya bantu bote. Germain asikie jina yake."

Kufikia Krismasi, antena ya Berthe ilibaki peke yake. Godefroid alisoma vilevile.

Mvua za Januari zilipokuja, Germain aliwaingiza tena watu shimoni. Tangazo lilisema Samy ameaga dunia baada ya ugonjwa mfupi. Siku ya tatu baada ya kumzika, Godefroid alisogea kidogo na Samy akaketi kando yake, karatasi imelowa mkononi, akingoja zamu.

Suzanne alifika mlangoni.

"Mama Berthe, balisema bwana yangu iko anasoma kwako. Kwangu hakuna antenne."

Berthe hakuwa malaika. Alimwacha asimame hadi Godefroid alipomaliza kila neno. Kisha, zamu ya Samy ilipofika, akamsogezea kiti, akaongeza sauti mpaka vioo vikatetemeka.

Barabarani gari la Germain lilipita, madirisha yamefungwa. Lilikuwa limejaa visanduku vya mtaa wa pili.