Noti ya Nne

Kiwandani kwetu Wuxi, miaka ile, hamkupakuliwa chakula cha mchana mpaka muimbe. Mwanzishaji wa nyimbo nilikuwa mimi, si kwa uzuri wa sauti, ni kwa ukubwa wa mdomo.

Siku hiyo tulisimama na mabakuli yetu, sisi wasokota nyuzi, watu arobaini, nikavuta pumzi nianzishe wimbo wa kumsifu Mwenyekiti wa Chama, mtawala wa nchi. Unaanza kwa noti tatu za kupanda. Kumbe kuna mwingine unaoanza na hizo hizo tatu, wa mwanamke anayemngoja mpenzi wake mvuani, na huo ulipigwa kwenye redio za adui tu. Mimi niliusikiliza kila Jumapili chini ya mfarishi, nimeiatamia redio kama kuku. Noti ya nne ikaenda mvuani.

Nikakohoa, nikaanza upya. Wenzangu wakaitikia, wakanicheka kwamba nimepaliwa na njaa. Fundi Geng, kiongozi wetu wa zamu, hakucheka. Alinitazama mpaka supu yangu ikapoa. Mwezi uliotangulia fundi chuma mmoja alikuwa amefungwa miaka saba kwa kusikiliza redio hizo.

"Pang Mdogo, nifuate stoo."

Nilimfuata. Akafunga mlango.

"Imba ule wa kwanza."

"Upi, Fundi? Nilipaliwa."

"Mtu hapaliwi kwa mahadhi. Imba."

Nikaimba kwa kunong'ona, kila neno nikiliona kama mwezi wa jela. Kwenye mstari wa pili akainua kidole.

"Hapo unashuka. Hupandi."

Kisha akasikia alichosema mwenyewe. Rangi ikamtoka, akakaa juu ya gunia la pamba.

"Sasa nina shingo yako, nawe una yangu," alisema. "Lakini ya kwako ni wimbo mzima, ya kwangu ni mstari tu. Hatulingani. Utaogopa zaidi yangu, na mwoga ndiye hukimbilia kushtaki. Nitajie unazopenda zote, na unakozipata. Nami nikutajie."

Tukatajiana. Yeye fidla za redio ya Moscow, na opera za kwao zilizopigwa marufuku, ambazo redio ya Taipei ilizirusha alfajiri. Mimi nyimbo za mapenzi, na tarumbeta za Wamarekani.

"Tarumbeta? Zile za bata aliyekanyagwa?"

"Afadhali bata kuliko fidla za kulia msibani, Fundi."

"Funga waya wa redio kwenye bomba la maji, bata wako atasikika vizuri."

Nyayo zikasimama mlangoni. Akanishika mkono, kucha zikaingia. Nyayo zikaondoka.

Juma lililofuata kamati ya kiwanda ikamwita Fundi Geng. Alikaa huko saa mbili. Nilikata nyuzi hovyo, nikihesabu waliowahi kuitwa na hawakurudi. Hatimaye akarudi, akasimama mashineni kwake bila kuniangalia.

"Wameuliza nani aendelee kuanzisha nyimbo," alisema. "Nimewaambia mtu yeyote, ila Pang hapana. Pang hupaliwa."