Kabla ya Amina

Mimi ni mwanamume mzima, mwenye ndevu na mvi za kutosha, na kazi yangu ni kuandika habari za bata. Bata aliyeogopa maji, mbuzi aliyekula kofia ya jirani, punda aliyekataa kuamka. Shemeji yangu, fundi wa magari, hunitambulisha kwa wageni kwa kusema huyu ndiye anayetuandikia bata, kisha anacheka peke yake. Nimemzoea. Hajui kwamba kitabu cha picha cha mtoto humtoa mtu jasho kuliko kushusha injini, kwa sababu maneno ni machache na hakuna pa kujificha.

Sheria kubwa ya kazi hii nimewafundisha vijana wengi mpaka wameichoka: picha ikishasema, wewe nyamaza. Mchoraji akishachora mbuzi mwenye kofia mdomoni, usiandike kwamba mbuzi alikuwa na kofia mdomoni. Mwenye macho haambiwi tazama. Na penye jambo zito kabisa, liwe la furaha au la msiba, acha ukurasa mzima bila neno, mtoto atulie, aangalie, aseme mwenyewe anachokiona. Nilizionea fahari kurasa zangu zisizo na neno kuliko zile zenye maneno. Siku hizi mtu akinisifia kurasa hizo natamani kutema mate.

Tulikuwa na watoto wawili. Binti tulimwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Mdogo wake alikuwa Bosi, kwa kuwa tangu aanze kutambaa alikuwa anatuamuru nyumba nzima: leta, ondoa, nibebe, wewe kaa hapa. Bosi alizaliwa na tundu kwenye moyo. Madaktari walitueleza vizuri, nasi tukaelewa, ila kuelewa si kukubali.

Kanisani, mwalimu wa watoto alikuwa amewafundisha kwamba mtoto akiomba kwa imani mpaka mwisho, bila kuyumba, Mungu hutenda. Dada wa watu ni mpole, hana ubaya na mtu, lakini maneno ya mpole nayo huua. Kasuku akalichukua fundisho hilo kama ajira. Kila usiku alivua ndala, akapiga magoti kando ya kitanda cha mdogo wake, akaomba maombi marefu ya kikubwa aliyoyasikia kwa wazee wa kanisa, akamaliza na Amina ya kutikisa madirisha. Bosi akawa anamkemea kutoka ndani ya blanketi: "Amina ndogo, nimelala."

Usiku mmoja Bosi akazidiwa. Tukamfunga kwenye shuka, tukakimbia naye hospitali, tukamwacha Kasuku amelala chini ya uangalizi wa shangazi yake. Bosi hakurudi. Asubuhi Kasuku alipoamka alikuta kitanda cha pili kimetandikwa, maana shangazi mtu, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, alikuwa amekitandika.

Baada ya mazishi mtoto akanyamaza. Watu wakasema amekua, amekuwa na adabu. Hasira zilinipanda kila niliposikia hivyo. Halafu asubuhi moja nikiwa nimechuchumaa namfunga kamba za viatu vya shule, akasema juu ya kichwa changu, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mtaa anakoishi:

"Siku ile nililala kabla ya Amina."

Nikamwambia yote ambayo baba anaweza kusema. Kwamba Mungu si karani wa dirishani, wa kukurudishia karatasi kwa sababu haina mhuri. Kwamba moyo wa mdogo wake ulikuwa mgonjwa tangu tumboni. Alinitikisia kichwa kama tunavyomtikisia mchuuzi ili aondoke mlangoni. Alishajua alichokijua: maombi hayakufika mwisho, na mdogo wake akafa.

Basi nikafanya kitu pekee ninachokiweza. Nikaandika. Nilikunja karatasi, nikazishona mgongoni kwa uzi wa mke wangu, nikatengeneza kitabu cha mfano, kama tunavyofanya siku zote ili tuone kila ukurasa unafunguka kwenye nini. Kulikuwa na dada, mdogo wake mgonjwa, na dirisha. Dada anaomba, anaomba, mpaka usingizi unamchukua kabla ya Amina. Unafungua ukurasa: hakuna neno. Ni kitanda tu, kimetandikwa, kitupu, na fulana ndogo imening'inia kwenye kichwa cha kitanda. Unafungua tena: "Mungu alikuwa amesikia tangu neno la kwanza. Hata neno lililobaki mdomoni alilisikia." Na mwisho, bila neno tena, baba, mama na dada wamekaa wote kwenye kitanda kile.

Mimi sijui kuchora. Kitanda changu kilikuwa kama meza iliyokanyagwa na gari. Nilimsomea Kasuku jikoni, mama yake akimenya viazi huku ametupa mgongo, na kisu chake kikasimama tulipofika kwenye ukurasa wa kitanda. Kasuku akaweka kiganja juu ya kile kitanda kilichopinda. Akauliza kama huyu dada naye alilala. Nikasema alilala. Akauliza kama Mungu alimkasirikia. Nikasema hata kidogo. Kisha akafumba kitabu, akanitazama kwa makini.

"Lakini hiki umekiandika wewe," alisema. "Kikichapwa na kanisa ndiyo nitajua ni kweli."

Nikamwahidi. Kitachapwa, nikasema, tena kwa rangi, na kitasomwa mbele ya watu wote. Jioni ile akapiga magoti kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alisimama kabla ya kusema lolote, lakini magoti aliyapiga, na mke wangu akaenda kulia bafuni na maji yamefunguliwa. Kile kitabu cha uzi kikahamia chini ya mto wa Kasuku. Nikashona kingine cha kupeleka ofisini.

Idara ya vitabu ya kanisa letu iko nyuma ya ukumbi, vyumba viwili vyenye harufu ya gundi na chai iliyopoa. Wao ndio huchapa bata wangu. Mhariri ni mama wa makamo, mwenye miwani ya kamba shingoni, na ndiye mtu pekee mle ndani anayejua tofauti ya kitabu na kipeperushi. Alisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Kaka," alisema, "ukurasa huu umenimaliza." Nikatoka pale nimefura kama andazi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi maji yangu yalikuwa kuamini kwamba kazi imekwisha.

Idara ile ina utaratibu wake. Mwandishi na mchoraji hawaonani, wasije wakagombana; kila kitu hupita kwa Mhariri. Maneno ni ya mwandishi, na hakuna anayeruhusiwa kugusa hata nukta bila saini yake. Picha ni za kanisa. Nilikuwa nimesaini hivyo miaka yote bila kufikiri, maana bata ni bata, ukimchora mnene au mwembamba hadithi haiharibiki.

Vitabu vikafika Jumapili yenyewe, kwenye maboksi, vikiwa bado na joto la mashine. Viliwekwa mbele ya madhabahu na kufunikwa kitambaa cheupe mpaka viombewe, kwa hiyo hakuna aliyevishika kabla, hata mimi. Mchungaji akaviombea. Akasimulia kwamba nyumba yetu imepita katika bonde gumu na Mungu ametoa wimbo mle bondeni. Sikuandika wimbo, lakini nikapiga moyo konde. Kisha mwalimu wa watoto akamwita Kasuku apande asome, kwa kuwa ni binti wa mwandishi.

Alipanda na gauni lake la kijani. Wakamshushia kipaza sauti. Alisoma vizuri, hakukimbia, akafika kwa dada, kwa dirisha, kwa maombi. Alipofika kwenye usingizi kabla ya Amina sauti yake ilipanda kidogo, na nikajua anaharakia ukurasa unaofuata, ule ambao alikuwa ameulalia kila usiku. Akafungua. Akanyamaza.

Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe. Nikadhani ukimya ule ni kazi yangu nzuri. Mwalimu wa watoto akainama, akamwambia kwa upole ukurasa huu hauna maneno, basi tuambie wewe unaona nini. Kasuku akaangalia kitabu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kitabu.

"Amepona," alisema.

Kanisa zima likaitikia Amina. Kina mama wakapiga vigelegele, makofi yakalia. Mwalimu akakichukua kitabu, akakigeuzia watu wakione, nami nikakiona. Kitanda kimetandikwa vizuri, rangi zote zipo, na juu yake mvulana mnene wa mashavu anaruka, mikono hewani, ile fulana ndogo ameivaa. Jua limejaa dirishani. Kasuku akapewa kitabu tena, akasoma mpaka mwisho: Mungu alikuwa amesikia tangu neno la kwanza. Alisoma kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mke wangu alinyanyuka, akapita katikati ya viti na kutoka nje bila kumtazama mtu.

Niliwakuta Mchungaji na Mhariri ofisini, kwenye ile harufu ya gundi. Sikumbuki salamu. Nikawauliza ni nani aliyemfufua mwanangu kwa brashi bila kuniuliza. Mhariri akashika kamba ya miwani yake. Akasema kamati ya mafundisho ilikaa, ikaona kitanda kitupu ni kizito kwa watoto, mchoraji akaelekezwa upya. Aliyasema yote akiangalia mezani, kisha akaongeza, na hili ndilo lililonikata maini:

"Hatukugusa neno lako hata moja, kaka."

Na ni kweli. Hawakugusa. Nilikuwa nimewaachia kurasa mbili zile zilizobeba kila kitu, nyeupe kabisa, kama mtu anayeacha mlango wazi kwa sababu anaishi na ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mchungaji si mtu mbaya, na ndiyo maana naona uchungu zaidi. Aliniambia nikae. Aliniuliza kama mtoto aliyelazwa hospitalini, mama yake ameshika kitabu hiki pembeni ya kitanda, nataka afungue ukurasa akute kitanda kitupu. Nilimwona mtoto huyo. Nikamwambia na wale waliobaki nyumbani je, wale waliokuta kitanda kimetandikwa, wao wasomewe nini? Akasema hao tunawaombea. Nikamwambia funika kombe mwanaharamu apite, na safari hii mwanaharamu ni binti yangu. Mhariri akaanza kulia. Machozi yake ya pili kwa ukurasa ule ule, sikuyahitaji.

Nyumbani nilimkuta Kasuku amekaa kwenye kitanda cha Bosi, mahali ambapo hakai kamwe. Gauni la kijani alikuwa amelivua na kulikunja. Kitabu kipya kilikuwa magotini, na kile cha uzi pembeni yake. Alikichukua kile cha uzi akanipa, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefundishwa adabu anavyomrudishia mkubwa kitu chake.

"Hiki si cha kweli," alisema. "Huyu dada naye alilala, baba. Hakusema Amina, na mdogo wake akapona. Kumbe haikuwa Amina. Ilikuwa mimi."

Nikapiga magoti mbele yake ili nimtazame usoni. Nikamwambia siyo, siyo kabisa. Nikamwambia kitabu cha uzi ndicho cha kweli, hiki cha rangi wamekiharibu, wamesema uongo. Alisikiliza mpaka mwisho, kama ilivyo desturi yake. Akauliza wamebadilisha nini.

"Picha tu," nikasema. "Maneno ni yangu yote, hawakugusa hata moja." Nikasikia sauti ya Mhariri ikitoka kinywani mwangu.

Kasuku akakifungua kile kitabu kipya kwenye ukurasa usio na neno, akaweka kiganja juu ya yule mvulana anayeruka.

"Lakini watu wote walisema Amina, baba."