Meza Kwanza, Ndipo Ujibu

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na sisemi hivi kwa kuwa nimemzaa mimi: mageti ya mtaa mzima yametoka mikononi mwake. Ila wapangaji wenzetu walikuwa wamechoshwa na mashine yake ya kukatia. Mwenye nyumba akatuambia wazi kuwa Jumapili atasikiliza malalamiko, na wakimkataa, karakana ya uani inafungwa.

Nikamwambia, "Sawa baba, ila utayasikilizia kwangu, mezani. Mwenye njaa hana miiko."

Jumapili nikapika wali na maharage, nikasukuma cherehani yangu ukutani, nikawaketisha. Kabla sijapakua nikawapa sharti alilotulea nalo marehemu mama: mmoja akisema, wengine wanakula. Anayetaka kumjibu ameze kwanza, arudie alichosikia, na msemaji akikubali ndivyo, ndipo ajibu.

"Mama Fundi, umetufanya watoto!" akacheka mwenye nyumba.

"Watoto wanasikia kuliko nyinyi. Lete sahani."

Akaanza muuguzi wa chumba cha pembeni, binti asiyesalimia mtu. Alisema anakesha hospitali, anarudi asubuhi kulala, na mashine inamwamsha. "Huyu kijana ana roho mbaya. Ananiona napita nimechoka, ndiyo kwanza anawasha. Juzi nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake. Naogopa."

Roho mbaya! Mwanangu! Nilijaza kijiko nikakitia mdomoni haraka, maana jibu lilishafika kwenye meno. Nilitafuna maharage yale mpaka taya likauma.

Hasira za mwanangu ni zangu hizi hizi, amezirithi zote. Nikajua leo tunahama. Mwanangu akameza.

"Umesema nakukera."

"Sikusema hivyo."

Akachota tena, akatafuna polepole, akimtazama.

"Umesema unaogopa utamdhuru mgonjwa, kwa sababu mimi sikuachi ulale."

Machozi yakamlengalenga binti. "Ndiyo. Ndivyo nilivyosema."

"Sikujua unalala mchana. Kila nikikuona unabamiza dirisha, nilidhani unanidharau."

Binti naye akameza. "Ulidhani nakudharau. Hapana, kaka. Nilikuwa nazuia kelele tu."

Wakapatana palepale: asubuhi apime na kupiga rangi, kukata kuanzie alasiri. Mwenye nyumba akauliza nani bado ana neno. Mpangaji mwingine, mshona viatu, aliyekuja na malalamiko yake tele, akaomba ukoko.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nashona, nikasikia mteja anafoka uani. Geti lake analitaka leo hii, kwa nini mashine haijawashwa? Nikachungulia. Mwanangu alikuwa ameshika brashi ya rangi, hata hakukunja uso.

"Punguza sauti, mzee wangu," akasema. "Dada yangu amelala."

Huyo nilimzaa peke yake, hana dada. Lakini asubuhi ile, wallahi, nilijiona nimezaa wawili.